Bolti ya Nne

Jua lilikuwa linazama Spana alipolipiga gari jeki uani, abadilishe pedi za breki. Spana ni jina alilopewa na majirani, maana tangu wamfahamu hajawahi kupeleka kitu kwa fundi, iwe redio au jiko. Safari hii hakuwa na mzaha. Mkewe alikuwa na mimba ya kwanza, siku zimetimia, na asubuhi ile breki zilikuwa zimegoma mpaka akakaribia kuingia ukutani.

Bolti zinazoshika breki ya gurudumu zilikuwa nne. Tatu zilitoka bila taabu. Akazibana mdomoni kama kawaida yake, zisimpotelee mchangani.

"Toa hayo madude mdomoni, baba kijacho," mkewe alimwambia kutoka mlangoni, mkono kiunoni. "Kinyaa gani hicho?"

"Mmh," Spana akajibu. Mdomo wa kujibia hakuwa nao.

Bolti ya nne ikagoma. Akaining'inia spana kwa uzito wake wote.

Ka!

Kichwa cha bolti kikabaki kwenye spana. Kipande kikabaki ndani ya tundu.

Mkewe aliingia ndani kujinyoosha. Spana akachukua drili, akaanza kukitoboa kile kipande. Alitarajia chembe za chuma. Ukatoka unga mweupe, wenye unyevu. Na harufu... Aliijua harufu ile. Ni ya kwa daktari wa meno, pale kinachotobolewa ni mfupa.

Akazima drili. Tunduni ukachuruzika ute wa rangi ya waridi, mzito kama makamasi, ukamdondokea kwenye kiganja. Ulikuwa na uvuguvugu. Akajifuta kwenye suruali, akamulika kwa tochi ya simu. Kukizunguka kile kipande, chuma kilikuwa kimevimba na kuiva. Akakigusa kwa kidole.

Kikabonyea.

Ulikuwa ufizi.

Hapo ndipo alipokumbuka alichokuwa amekibana mdomoni. Akatema kiganjani. Mate yalikuwa yameyeyusha kutu yote, na chini ya kutu yalikuwa magego matatu ya mtu, manjano, mizizi yake imejisokota kama bolti. Moja lilikuwa limeoza katikati. Ndilo alilokuwa akilinyonya muda wote ule, bila kujua.

Spana alitapika chakula, akatapika maji, akabaki anatapika hewa. Akasugua ulimi kwa sabuni ya kufulia. Ladha haikutoka.

Akamkumbuka aliyemuuzia gari. Kijana tu, hata mvi hana, lakini alikuwa akiongea ameziba mdomo kwa mkono. Mara moja tu alicheka akajisahau, na ndani hamkuwa na jino hata moja. "Bolti ikikatika usihangaike dukani," alisema. "Gari litajitafutia lenyewe." Spana alidhani ni utani wa kumaliza biashara.

"Mume wangu..." Sauti ya mkewe ilitoka ndani, ndogo, ya woga. "Chupa imepasuka."

Akampigia dereva wa teksi. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Kimya. Ndani, mkewe akalia kwa uchungu.

Ikabidi waende na gari lile lile. Akapachika pedi mpya, akageuza uso pembeni, akayarudisha yale magego matatu kwenye matundu yake kwa koleo. Yaliingia yenyewe, kwa pupa. Tundu la nne lilikuwa limeshakitema kile kipande, liko wazi, linatoa ute.

Ndipo gego lake la nyuma likacheza.

Hakulishika. Lilijilegeza bila maumivu, likamwangukia ulimini. Alipolitema, mizizi yake ilikuwa imeshajisokota.

Likaingia sawasawa.

Akarudishia gurudumu, na breki zilishika vizuri njia nzima ya kwenda hospitali. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na mapema asubuhi wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Spana aliendesha polepole. Lakini kila alipokanyaga breki, kitu kilicheza mdomoni mwake, na kila mara alimeza mate yenye chumvi ya damu.

"Mbona unaongea umeziba mdomo?" mkewe akamuuliza kutoka kiti cha nyuma.

"Usingizi tu, mama."

Akapitisha ulimi taratibu, akiyagusa meno yaliyobaki. Kwenye kioo alimwona binti yake akipiga miayo, ufizi mtupu, laini. Mkewe alifurahi, akasema ana hamu ya kuliona jino lake la kwanza.

Spana akaomba lisiote kamwe.