Mashimo ya Uani kwa Hosiyat

Haya sikuyasikia kwa watu. Yalimpata dada yangu wa tumbo moja, Hosiyat, nami nilikuwepo, beseni la aprikoti mkononi.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida ya mwezi wa saba, kijijini kwetu katika bonde la Fergana. Nilikwenda kumsaidia dada kupasua aprikoti na kuzianika juu ya paa. Tangu Muhayyo, binti wa dada na mumewe, afariki majira ya machipuko, nilikuwa nakwenda karibu kila siku. Alikuwa mtoto wa miaka sita, wa pekee, aliyepatikana baada ya miaka tisa ya kungoja. Maji ya mfereji yalimchukua. Walimtoa ndani ya bomba la zege linalopita chini ya barabara, na tangu siku ile nyumba yao ilikuwa kimya hata chai ikimiminwa unaisikia.

"Fuko!" shemeji yangu Mamasoli aliita kutoka bustanini. "Njooni mumwone mgeni wetu!"

Vilikuwa vilima vitano vya udongo, vimepangana mstari katikati ya vitunguu, vikitokea upande wa mfereji. Jirani yetu, mzee Sotiboldi, alichungulia juu ya ukuta.

"Mnyama kipofu, lakini vitunguu vyako kaviona! Subiri nikuletee mitego."

Mamasoli akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mazishi.

Dada alichuchumaa, akang'oa kitunguu kimoja, akakigeuza. Hakikuguswa na jino. Akachota ule udongo, akaufinya. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki saba, ardhi imepasuka kama kisigino cha mkulima. Udongo ule ulimchuruzika maji kiganjani.

Tukatega mitego minne. Asubuhi yake tuliikuta kizingitini, yote imefyatuka, imepangwa kuanzia mdogo hadi mkubwa.

"Mzee Sotiboldi, utani gani huu?" shemeji aliuliza.

"Wallahi si mimi! Na mgongo wangu huu, niruke ukuta?"

Vilima vilikuwa tisa sasa. Vilikuwa vinakuja nyumbani.

Siku ya tatu, mchana wa jua kali, nilimkuta dada amelala kifudifudi bustanini, sikio chini. Nilidhani ameanguka.

"Shh," alininong'oneza. "Kinachimba. Nikiimba, kinatulia."

Nikainama. Kwaru. Kwaru. Kwaru. Dada akaanza kuimba, polepole, wimbo wa kubembelezea mtoto. Kukawa kimya. Alipokoma, mkwaruzo ukarudi, safari hii kwa haraka, kama mtu aliyechelewa. Ndipo nilipoona kwamba kwenye mdomo wa kila shimo dada alikuwa ameweka kipande cha mkate na zabibu kavu.

Alhamisi ilikuwa zamu yao ya kumwagilia bustani kwa maji ya mfereji. Mamasoli alichukua jembe.

"Leo nawazamisha. Maji yakiingia, watahama."

Dada alimshika mkono. "Baba Muhayyo, weka sumu. Weka moto. Weka utakacho. Maji hapana."

"Ni fuko tu, Hosiyat."

"Kama ni fuko, mbona unatetemeka?"

Mamasoli alikwenda mferejini, akainua ubao unaozuia maji. Ilikuwa saa sita mchana, jua utosini. Maji yakaingia bustanini yakinguruma, yakalifikia shimo la kwanza. Likayameza. La pili likayameza. La tatu likatoa mapovu.

Kisha tukasikia kikohozi.

Kidogo. Chembamba. Cha mtoto aliyepaliwa.

Hakuna aliyesogea. Maji yaliendelea kuingia. Kikohozi kikaja tena, mbele zaidi, karibu na ukuta wa nyumba.

"Baba." Sauti ilitoka chini ya miguu yetu. "Baba, funga."

Mamasoli alijitupa kwenye maji, akayaziba kwa kifua chake. Mimi nilikimbia kushusha ubao. Niliporudi alikuwa anachimba kwa mikono, kucha zinatoka damu, na maneno yanamtoka bila kuulizwa.

"Nilimsikia. Siku ile. Nilipofungua maji, nilisikia sauti bombani. Nikadhani ni vitoto vya mbuzi vya Sotiboldi. Nikaenda zangu kunywa chai."

Dada alikuwa hajui. Sote tulikuwa hatujui. Nilimtazama, nikingoja apige yowe au ampige mumewe. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alipiga magoti kando yake, akaanza naye kuchimba.

Walilifungua handaki lote. Halikuwa la fuko. Lilikuwa na upana wa mabega ya mtoto, na kuta zake zilikwaruzwa kwa vidole, vitano vitano. Ndani hapakuwa na kitu, ila maji ya matope yaliyokuwa yanazama taratibu. Lilipofika msingi wa nyumba, likapita chini yake. Hapo jembe halikuweza kufika.

Mamasoli aliuegemeza uso kwenye ukuta ule. "Alikuwa amekaribia," alisema. "Hosiyat, alikuwa amekaribia kufika."

Hatukuona kilima kingine. Shemeji hakwenda tena kwenye zamu ya maji, na bustani ikakauka mpaka miiba. Watu walimuuliza dada kwa nini hakumwacha mtu yule.

"Nimwache aende wapi?" aliwajibu. "Naye yuko chini ya maji."

Mwisho wa vuli nilikwenda kumsaidia kutoa mazulia ya chumba cha kulala, tuyakung'ute kabla ya baridi. Nililikunja zulia la mwisho, lile la upande dada anakolaza kichwa. Kwenye sakafu ya udongo palikuwa na tundu, jembamba, la kupita kidole. Kingo zake zilikuwa laini, kama za kitu kinachotumika kila siku.

Niliweka kiganja juu yake kuhisi kama kuna upepo.

Hewa ilitoka, ya uvuguvugu. Ikasita. Ikarudi ndani. Ikatoka tena.

Dada alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Rudisha zulia taratibu," alinong'ona. "Ndiyo kwanza kalala."