Desibeli Nne

Jumamosi mchana jengo la maduka ya umeme huwa halipitiki. Ghorofa ya kwanza simu zinalia, ya pili redio zinashindana, na kwenye ngazi watu wanapishana na makatoni vichwani. Duka la diski za filamu lilikuwa kona ya mwisho ya ghorofa ya pili, na hapo ndipo Fundi alipokanyagwa mguu.

Aliyemkanyaga wala hakuwa na habari. Alisimama kakunja uso, kasha la filamu kalisogeza hadi karibu na pua, anasoma yale maandishi madogo ya nyuma ambayo wateja wengi hawajui hata kama yapo. Shati la buluu, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, kalamu sikioni.

"Kaka, huo mguu unaoukanyaga bado nauhitaji," Fundi alisema.

"Oh, samahani sana dada. Nilikuwa natafuta..."

"Unatafuta kama ina DTS. Haina, hiyo ni Dolby tu. Yenye zote mbili ni ile ya kasha jekundu, rafu ya juu."

Mwanamume aligeuka kumtazama vizuri. Aliona dada mrefu aliyevaa ovaroli ya kijani iliyobanwa mkanda kiunoni, kilemba cha manjano, hereni ndogo za fedha, na bisibisi inachungulia mfukoni.

"Na wewe unasoma nyuma ya kasha?"

"Mbele kuna nini cha kusoma? Picha ya mtu kashika bastola."

Alicheka hadi kalamu ikamdondoka.

Kwa asiyejua, Dolby na DTS ni namna mbili za kufungasha sauti ya filamu ndani ya diski, ili nyumbani itoke kwenye spika tano zinazokuzunguka pamoja na moja ya besi. Diski nyingine hubeba zote mbili, unachagua mwenyewe kwa rimoti. Ipi bora? Watu wazima wenye wake na watoto wamenuniana kwa swali hilo, na kila mmoja anaapa kwa masikio yake.

Yule bwana alikuwa miongoni mwa waapaji. Kila Alhamisi aliandika safu ya filamu za nyumbani kwenye gazeti la wiki, na wasomaji walimbatiza jina la Sikio. Fundi yeye alifunga spika katika duka la ghorofa ya tatu. Bosi wake alikuwa amempa stoo moja tupu aigeuze chumba cha kusikilizia, mteja asikie kabla hajanunua. Chumba kikileta wateja hadi mwisho wa mwezi, Fundi angekuwa mkuu wake. Kisipoleta, makatoni yangerudi mahali pake na Fundi angerudi kubebea wenzake ngazi. Kwa miaka sita alikuwa amezibeba ngazi hizo, na alikuwa amechoka.

Waliachiana namba. Baada ya wiki mbili simu zilikuwa hazikauki.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula waya."

"Mke wangu mtarajiwa ataniachia ujane kabla ya harusi."

"Mtarajiwa kwa mujibu wa nani?"

"Moyo wangu."

"Uambie moyo wako ulete posa kwa shangazi, uache kupiga simu saa za kazi."

Alisema hivyo, lakini simu hakuikata.

Chumba kilipokamilika Sikio aliomba kukiandika kwenye safu yake. Fundi alifurahi mno. Alimwekea diski ya kasha jekundu, akaichagulia Dolby kama alivyowawekea wateja wote, akamkabidhi rimoti. "Nakuachia. Sitaki kukusimamia kama mama mkwe," alimwambia, akaenda kufunga spika kwa mteja.

Alhamisi Bosi aliikunjua safu ile juu ya kaunta na kumwonyesha kwa kidole. Chumba ni kizuri, Sikio aliandika, ila fundi wake amekosea kuchagua. Dolby ilisikika kama mtu anayeongea kajifunika shuka. Nilipohamia DTS, filamu ileile ilizinduka.

"Wateja wawili wameshapiga simu kughairi," Bosi alisema. "Binti, Jumatatu tunarudisha makatoni."

Fundi alitoka hadi kwenye ngazi ndipo akapiga simu.

"Umeniuza."

"Mpenzi, niliandika nilichosikia. Ningekusifu, watu wangesema nakupendelea."

"Kwa hiyo ukanichapa mbele za watu ili waone hunipendelei?"

"Niliandika kweli."

"Basi ioe hiyo kweli yako."

Akakata. Hadi jioni Sikio alikuwa amepiga mara kumi na saba, na zote hazikupokelewa. Usimwonee huruma. Mwanamume anayempenda mtu kisha akamzidishia ukali ili aonekane mwadilifu, huyo anajihangaikia mwenyewe.

Nyumbani, shangazi yake, mshonaji aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa, alilisoma gazeti huku amebana pini midomoni.

"Anaandika vizuri, mshenzi huyu," alisema.

"Shangazi, uko upande gani?"

"Upande wako. Lakini hata anayekutukana msikilize hadi mwisho, usije ukamjibu nusu. Wewe umeisoma yote?"

Hakuwa ameisoma yote. Hasira ilimfikisha kwenye shuka ikamrudisha. Sasa alisoma pole pole, na katika aya ya mwisho akakuta maneno haya: nilibonyeza mara moja tu, bila kugusa kitu kingine chochote.

Fundi aliinuka. "Hakugusa sauti," alisema. "Shangazi, hakugusa sauti!"

Asubuhi iliyofuata aliweka kipimo cha sauti kwenye kochi la katikati, pale kinapokaa kichwa cha mteja. Dolby, sabini na mbili. DTS, sabini na sita. Diski yenyewe ndiyo iliyoiamuru amplifaya ipunguze sauti kwenye Dolby, ili maongezi ya filamu zote yawe sawa. Tofauti ya desibeli nne. Si nyingi, lakini sikio la binadamu ni lafi, ukiliongezea sauti kidogo huapa kwamba umeliongezea uzuri. Sikio alikuwa amelinganisha mtu aliyesimama na mtu aliyekaa, akatangaza kwamba aliyesimama ni mrefu.

Alimfuata Bosi. "Nipe Jumapili moja. Nikishindwa, makatoni nitayabeba mwenyewe."

Kisha akapiga simu. Upande wa pili ilipokelewa kabla haijalia mara mbili.

"Mpenzi, asante kwa kunipigi..."

"Jumapili saa nane mchana. Njoo na wasomaji wako, na kwa sasa naitwa Fundi."

Jumapili walikuja kumi na wanne. Fundi alivaa gauni jekundu la mikono mifupi alilokesha akishonewa, na Bosi alimtazama mara mbili ndipo akamtambua. Sikio alikuja na shati jeupe lisilopigwa pasi na macho ya mtu asiyelala. Alipewa kochi la katikati. Shangazi alijikalia nyuma, mkoba mapajani.

Masharti yalikuwa mepesi. Kipande kimoja cha filamu kingepigwa mara mbili, moja kwa Dolby na moja kwa DTS bila kuambiwa ipi ni ipi, kila mtu aandike kama amependa cha kwanza au cha pili. Raundi kumi. Bosi alikaa nyuma ya pazia na rimoti, akifuata mpangilio uliopatikana kwa bahati nasibu, na kila alipoweka Dolby aliongeza desibeli nne.

Raundi ya tatu ilikuwa ya mvua. Ilianza mbele, ikapita juu ya vichwa, ikatua nyuma yao. Shangazi akasimama na mkoba wake.

"Unakwenda wapi?" Fundi alinong'ona.

"Kuanua nguo. Nimeacha za wateja kambani."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Shangazi alikaa chini kwa heshima zake zote. "Chekeni tu," alisema. "Ningelowesha nguo za watu mngelipa nyinyi?"

Karatasi zilihesabiwa hadharani. Wasomaji waligawanyika katikati, nusu kwa nusu. Ya Sikio ilisomwa mwisho. Kati ya raundi kumi alikuwa amechagua Dolby mara sita.

Alisimama. Hakutafuta pa kujificha, na kwa hilo apewe haki yake.

"Nilisikiliza moja ikiwa na sauti kubwa kuliko nyingine, nikauita huo ukweli," alisema. "Fundi hakukosea, nimekosea mimi. Alhamisi nitaandika hivyo, pale pale, kwa herufi zile zile. Na chumba hiki ndicho bora nilichowahi kukaa."

Watu walipiga makofi. Watatu waliweka oda kabla hawajainuka kwenye makochi, na Bosi akatoka nyuma ya pazia, akamkabidhi Fundi ufunguo wa chumba. "Makatoni yatafutiwe pengine, Mkuu," alisema.

Sikio alikuwa bado amesimama. "Kuna jambo jingine."

"Liseme."

"Niliogopa watu wasije wakasema nakupendelea. Sasa nataka waseme. Nakupendelea, tena wazi, mbele ya bosi wako, wasomaji wangu na shangazi yetu."

"Shangazi yako tangu lini?" shangazi aliuliza.

"Tangu atakaponikubali huyu. Nataka tuoane."

Fundi alimwangalia, na ile hasira aliyokuwa ameishikilia tangu Alhamisi aliitafuta asiione.

"Nimekubali," alisema. "Kwa sharti moja. Kazi yangu hutaiandika tena gazetini."

"Hata kuisifu?"

"Hata kuisifu. Kuna watu kumi na wanne hapa wataisema wenyewe."

Akamshika mkono, akafungua mlango. Nje wateja saba waliovutwa na makofi walikuwa wamejipanga foleni kusubiri zamu yao, na Fundi akawakaribisha ndani.