Nilikataa Kushuka Melini Mwanza

Wasomaji wenzangu, naitwa Bhoke. Nina miaka sitini na tisa, na ni mjane tangu nikiwa na ishirini na tatu. Haya sijawahi kumwambia hata mwanangu…

Wakati ule wa vijiji vya ujamaa nilikuwa nimeolewa Nyanungu, na mwanamume mpole aitwaye Mwita. Mimba zangu mbili zilikuwa zimeharibika. Ya tatu ilikuwa na miezi mitano, nami niliishi kwa hofu.

Siku moja wifi yangu Robi, muuguzi huko Mwanza, alikuja nyumbani. Alijifungia ndani na Mwita na baba mkwe kutwa nzima. Walipotoka, baba mkwe akatangaza kwamba ukoo wote tungekwenda kutembea kwa meli, kutoka Musoma hadi Mwanza. Watu kumi na saba! Kutembea? Watu ambao hata Tarime mjini walikwenda kwa shida?

Tena ilikuwa wakati wa palizi! Kukosa shamba la kijiji ilikuwa kesi, lakini mwenyekiti alituandikia barua ya ruhusa bila swali hata moja. Nilipomtazama akakwepa macho yangu. Kwa nini?

Mama mkwe, ambaye hakuwahi kunipokea hata kikapu, sasa alinipikia uji kila asubuhi. Nikasema moyoni, hawa wana jambo.

Na safari yenyewe! Robi alituahidi vyumba vyenye vitanda. Tukajikuta daraja la tatu, tumerundikana juu ya magunia, katikati ya harufu ya samaki wakavu na mafuta ya injini. Mvua ikatunyeshea. Ziwa likachafuka, nikatapika hadi nyongo. Mwita hakula kitu. Alikaa mbali nami, ameinama, akinong'onezana na dada yake.

Nikanyata nyuma yao. Nikamsikia Robi akisema, "Usimwambie Bhoke mpaka tushuke. Akijua sasa ataharibu kila kitu."

Mwita akajibu, "Atalia sana, dada."

Nikarudi kwenye magunia, nikafungua mfuko wa Robi. Mlikuwa na shuka mbili mpya na doti ya kanga, bado ziko kwenye karatasi ya dukani. Basi nikapata jibu langu… Mume wangu anakwenda kuoa! Ukoo mzima unakwenda kumposea mwingine, kwa sababu mimi nimeshindwa kuwazalia!

Asubuhi tulipofika Mwanza nilikamata chuma cha meli, nikasema sishuki.

"Bhoke, tushuke kwanza," Mwita alinisihi. "Nitakueleza yote."

"Nenda kwa mke wako!" nilimpigia kelele mbele ya abiria. "Hata ukifa huko, usiniite!"

Mama mkwe alipofungua mdomo kunieleza, niliziba masikio nikamwita mchawi. Baba mkwe akamshika Mwita mkono, wakashuka. Mimi nilirudi Musoma na meli ileile, nikaenda kwa wazazi wangu Kenyamonta.

Siku ya kumi baba mkwe alikuja, peke yake. Nilimpa shikamoo huku nimenuna. Hakuitikia. Alikaa chini, akaanza kulia.

Mwita alikuwa na uvimbe tumboni. Alitakiwa kupasuliwa asubuhi ileile tuliyofika Mwanza, na daktari alikuwa ameagiza ndugu wengi waje kutoa damu. Kumbe ndiyo maana ya watu kumi na saba! Mwita mwenyewe ndiye aliyeomba nisiambiwe hadi tuwe karibu na hospitali, akihofu mshtuko ungeitoa na mimba ya tatu njiani. Shuka zilikuwa za kitanda chake. Kanga ilikuwa yangu, ya kubadilisha nikimuuguza.

"Kila akizinduka aliuliza kama umeshuka," baba mkwe alisema. "Tumemleta nyumbani. Tunakungoja wewe tumzike."

Nilipiga yowe hadi majirani wakakusanyika. Lakini yowe lingenisaidia nini?

Binti yangu alizaliwa salama. Mama mkwe ndiye aliyempokea, mwanamke niliyemwita mchawi! Hakunirudishia neno lile hata siku moja.

Ndugu zangu, hata wao walikosea kunificha. Lakini mimi nilikuwa na mdomo. Sikuutumia kuuliza, niliutumia kutukana! Nawasihi, unapomshuku mwenzako, mkalishe umuulize, kisha unyamaze umsikilize hadi amalize. Mimi wangu alitaka kunieleza… nikamfukuza.