Ndege wa Kwenye Ulimbo

Kila asubuhi nikimaliza kufagia uwanja, nilishuka kuangalia maharage yetu. Shamba liko Igamba, chini ya kahawa. Maharage hayo ndiyo mboga yetu ya mwaka mzima, na ndiyo mbegu yetu. Mwezi wa tatu majani yakaanza kutobokatoboka.

Mume wangu, Eliakim, alipata jibu siku ileile.

"Ni vile vindege," alisema. "Penye jani lililotoboka, vipo hapohapo."

Vilikuwa vidogo, vya kijani kilichofifia, tumbo manjano kidogo. Havitulii.

"Nimeviangalia, baba Tumpale. Havigusi jani. Vinadonoa chini ya jani."

"Chini ya jani si jani?"

 

Akachemsha utomvu mpaka ukawa ulimbo wa kunata. Akapaka kwenye miti yote tuliyosimikia maharage. Kwa wiki moja alinasa ndege tisa. Kila mmoja alimleta kunionyesha, kama amekamata mwizi. Majani yakazidi kuisha. Nikamwambia tena. Akasema ndege waliobaki wamekasirika.

Siku ya nane nilichoka. Nikamwita Jenista, jirani yetu, ambaye bwana shamba alimfundisha ili naye atufundishe sisi. Alimkuta Eliakim ameshika ndege wawili waliokufa.

"Shemeji, hawa wameiba nini?"

"Maharage yangu."

"Basi tuyatafute. Mama Tumpale, lete wembe."

Akampasua mmoja tumbo juu ya jani la mgomba. Hamkuwa na jani humo, hata kipande. Kulikuwa na viwavi vidogo na miguu ya wadudu.

Eliakim aliinama, akatazama sana. "Labda huyu hakuwa na hamu ya majani."

"Pasua wa pili," nikasema.

Wa pili naye alijaa viwavi.

Jenista akapindua jani la haragwe. Chini yake kulikuwa na mayai ya wadudu, na kiwavi anatafuna.

"Mwizi wako huyu hapa, shemeji. Ndege ni mgeni tu. Kwao ni misitu ya mbali, kaskazini. Kule baridi ikija wadudu wanapotea, ndipo anakuja kwetu. Mwezi wa nne anarudi. Anakaa kwenye jani lililotoboka kwa sababu kiwavi yupo. Umekuwa ukiwaua vibarua wako."

"Sasa nifanye nini?"

"Ng'oa miti yenye ulimbo, weka mingine. Kila asubuhi pindueni majani, pondeni mayai, okoteni viwavi. Wakizidi, muulize bwana shamba kabla hujanunua dawa."

Kwenye mti wa mwisho tulikuta ndege mmoja amenasa, bado mzima. Eliakim alimfuta ulimbo polepole kwa mafuta yangu ya kupikia. Nusu chupa. Ndege alikaa kwenye kahawa mpaka mchana, kisha akaruka.

Tulipindua majani kila siku, mimi na yeye. Majani mapya yakatoka mazima. Mwezi wa sita tulivuna magunia mawili, na mbegu tukaweka.

Mvua za Novemba zilipoanza, Eliakim aliniita kutoka kwenye kahawa.

"Mama Tumpale, njoo taratibu. Wamerudi. Umeona? Hawagusi jani. Wanadonoa chini ya jani."

Nikamtazama.

"Kumbe," nikasema.