Rafiki Yangu Alifuta Jina la Mama Ubaoni

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Morogoro mjini. Nawaandikia wasomaji wenzangu, maana yaliyonikuta yalitokea kazini mchana kweupe, na bado sina shahidi...

Kwenye ghala letu la mboga, kazi yangu ilikuwa kupanga zamu za lori. Wakulima wa Mgeta wanapiga simu, nami naandika nani apakiwe siku gani. Zamani tulitumia vikaratasi, ugomvi haukuisha. Mimi ndiye niliyemwomba bosi anunue ubao mweupe. Jamani, ulitupa raha! Kila anayeingia anaona zamu, dereva anasoma na kuondoka. Mkulima akiahirisha, unafuta tu. Kufuta huko ndiko kulikoniponza.

Ijumaa ile, wengine wakiwa wameshaondoka, niliandika jina la mama yangu mzazi, mkulima wa huko Mgeta, kwa zamu ya Jumamosi. Alitegemea kuuza kabichi zake ili aezeke upya nyumba yake. Nikamwachia funguo Zaina, rafiki yangu tuliyekaa naye ofisi moja, nikaenda zangu nyumbani.

Jumamosi mama alishusha kabichi hadi barabarani, akangoja. Lori likampita... likasimama mbele, kwa kaka yake Zaina! Mvua ikanyesha, na mama hakunipata kwa simu, mtandao wa kule ni wa kubahatisha. Habari zilinifikia Jumatatu, kabichi zimeshaanza kunuka.

Nilikimbilia ubaoni. Pale nilipoandika jina la mama, pana jina la kaka yake Zaina. Nikamuuliza Zaina, naye akanitazama bila haya.

"Shoga, labda ulipanga kuandika ukasahau. Mimi nimekuta pako wazi."

Bosi akauliza nani aliniona nikiandika. Nani angeona? Akasema kama namsahau hata mama yangu, wengine itakuwaje. Akanihamishia kwenye kuchambua karoti, nafasi yangu akampa Zaina.

Nilipanda Mgeta kumwomba mama radhi. Shikamoo yangu aliiitikia amegeuza uso.

"Watu baki unawakumbuka, mwanangu. Mimi ukanisahau."

Niliapa, nikalia. Akasema yameisha, lakini tangu hapo mboga zake anazipitisha kwa watu wengine.

Mnajua kilichoniumiza zaidi? Zaina alipokabidhiwa zamu, hakuugusa ubao. Alimwomba bosi daftari na kalamu ya wino, na kila zamu dereva anatia sahihi. Nilisimama na karoti zangu mkononi, nikaelewa yote. Alijua mwenyewe jinsi ilivyo rahisi kufuta.

Ndugu zangu, ubao si mbaya. Unafaa kupangia kazi pamoja, kila mtu akaona. Lakini riziki ya mtu msiiache pale peke yake, hata kama mnayemwachia funguo ni rafiki wa kufa na kuzikana. Ningepiga picha moja tu kwa simu yangu... leo mama angekuwa bado ananiletea kabichi zake.