Taa ya Kijani Ilikuwa Inawaka

— Hiyo rekodi ifungue hapa hapa, niisikie.

Rogathe alikuwa amesimama mlangoni mwa studio ya Sifael mjini Same, mtandio shingoni kuficha kovu. Sauti yake ilikwaruza. Alikuwa ameshuka kutoka kwao Mhezi, milimani, asubuhi hiyo bila kumwambia mtu.

— Rogathe! Si ungenipigia nije kukupokea stendi?

— Unapokea simu zangu wewe?

Akatoa simu, akamsomea Sifael meseji alizomtumia.

"Mpenzi, rekodi iko kwenye kompyuta, nakutumia kesho."

"Umeme umekatika, vuta subira."

"Naisafisha kidogo, itakuwa tamu."

— Hiyo kesho yako iko mwezi gani, Sifael?

Jamani, mchumba akianza kusogeza kesho, ujue kuna jambo amelikalia. Rogathe alikuwa mwimbishaji wa kwaya ya Kilutheri kule Mhezi, na goita, ule uvimbe wa shingoni, ilikuwa inamkaba pumzi. Daktari alimwambia lazima apasuliwe, na kwamba sauti huenda isirudi kama zamani. Akakataa katakata. Ndipo Sifael, anayerekodi maharusi, akapanda na kimaiki chake kisicho na waya, kile cha kubana kwenye kola, akamwambia: "Imba. Naihifadhi sauti yako, kisha twende hospitali." Akaimba wimbo wake beti zote pale kanisani kwao, akaenda kupasuliwa. Akarudi na pumzi, sauti ikabaki huko.

— Daktari aliniuliza kama niko tayari. Nikamwambia sauti yangu iko kwa Sifael. Sasa nipe.

Asteria, mwenzake Sifael wa kazi, akasogeza kiti kutoka kwenye kompyuta.

— Kaka, mwambie. Mimi nimechoka kuficha.

Rogathe akamgeukia.

— Kuficha nini? Ni wewe, Asteria?

— Mimi? Shoga yangu, wa kwangu ananitosha. Kaka, mwambie!

Sifael akakaa chini. Njia ya mwongo fupi, na yake ilikuwa imeishia hapo.

— Wimbo haupo.

— Haupo vipi? Nilikuona na simu mkononi!

— Simu yangu ilijaa. Nikachomoa ile risiva, kidude kinachopokea sauti ya maiki, nikaichomeka kwenye simu ya Asteria niliyokuwa nimeiazima. Yangu ukichomeka tu inakubali. Ya Asteria inataka kwanza uwashe OTG kwenye setingi, ndiyo ikitambue kilichochomekwa. Sikujua. Niliona taa ya kijani inawaka, nikaamini.

— Sasa ilikuwa inawaka ya nini?

— Risiva ina betri yake, kwa hiyo yenyewe na maiki vilikuwa vinasikilizana. Simu haikuvisikia. Ikarekodi kwa maiki yake yenyewe, kule nyuma nilikokaa.

— Ulijua lini?

— Ukiwa chumba cha upasuaji. Nilifungua pale koridoni nikusikie kidogo. Ulipotoka, ningekwambiaje?

Rogathe akalia, na kulia kwenyewe hakukuwa na sauti. Hilo ndilo lililomuumiza Sifael kuliko matusi yoyote.

— Mama alisema umenikimbia kwa sababu siwezi kuimba. Nikakutetea, Sifael! Nikagombana na mama yangu kwa ajili yako!

— Nisamehe.

— Fungua hiyo iliyopo.

— Haina kitu, Rogathe.

— Asteria, fungua!

Asteria akabonyeza. Ukasikika upepo ukipiga mabati. Mbali, kama mtu aliye ng'ambo ya bonde, mwanamke alikuwa akiimba, maneno hayashikiki. Kisha, karibu kabisa na simu, mwanaume akilia:

"Bwana, sauti ichukue ukitaka. Yeye nirudishie. Hata asiponiita jina langu tena, nirudishie Rogathe wangu."

Sifael aligeukia ukutani.

— Hii ndiyo uliyokuwa unanificha?

— Uliomba sauti yako. Hiyo ni yangu.

— Mjinga wewe. Siku zote hizi nalala nikidhani ulimpenda yule mwimbaji, na mwimbaji hayupo tena.

Akajifuta uso kwa mtandio, kovu likaonekana, asilifunike.

— Nimekasirika, na hasira yangu nitakaa nayo mpaka iishe. Usinidanganye tena, hata kwa kunionea huruma.

— Sitarudia.

— Jumamosi panda Mhezi, ukamweleze mama mwenyewe.

Akapanda.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Eleza.

Akaeleza yote. Mama akampakulia makande, sahani imejaa. Nyumba ile haina msamaha mwingine zaidi ya huo.

Ndoa ilifungwa baada ya mavuno ya maharage, katika kanisa lile lile. Kabla ya kiapo, Sifael mwenyewe, na suti yake, alimbania bibi harusi kimaiki kifuani. Taa ya kijani ikawaka. Hakuiamini. Akamgeukia Asteria aliyekaa na kompyuta kando ya spika.

— Kompyuta inamsikia?

Asteria, spika za masikioni zimembana, akainua kidole gumba.

— Na simu?

— Nayo inamsikia. Endeleeni, mchungaji anasubiri!

— Mimi Rogathe, nakupokea wewe Sifael kuwa mume wangu...

Sauti ile ya kukwaruza ikajaa kanisa, ikatoka madirishani mpaka kwa waliokosa viti. Wanakwaya wenzake wakainamisha vichwa. Bwana harusi machozi yakamshinda.

Rogathe akamsogelea, akamnong'oneza:

— Usilie, mume wangu. Leo maiki inafanya kazi.

Kanisa zima likasikia.