Gunia Lenye Picha ya Ng'ombe

Uvumi huo Nakhungu aliusikia kwenye foleni ya kusaga mahindi: ati chumvi ya kupima inayouzwa soko la Myanga ina risasi, ile metali yenye sumu. Alijaribu kuusahau, ukamganda kama kupe. Kila Jumamosi yeye ndiye aliyefunga chumvi hiyo dukani kwa mjomba wake, Wanyonyi: kijiko kimoja, mfuko mdogo, fundo.

Jumamosi hiyo aligeuza gunia lililotoka Kitale. Lilikuwa na picha ya ng'ombe, na chini yake maandishi: CHUMVI YA MIFUGO. SI YA BINADAMU.

"Mjomba, hii ni ya ng'ombe!"

"Si chumvi ni chumvi, bana!" Wanyonyi akacheka. "Ng'ombe wa Endebess wanailamba na maziwa wanatoa. Umesikia ng'ombe akilalamika? Funga."

Mara Mama Hillary akaingia, mtoto mgongoni. "Nipimie ya mboga, mwanangu."

Mkono wa Nakhungu ukakataa. Mjomba ndiye aliyemnunulia sare ya shule. Akisema, atafukuzwa. Akinyamaza, yule mtoto mgongoni atakula sumu kwa kila tonge.

"Usinunue, mama. Ni ya ng'ombe."

"Mtoto huyu ana wazimu!" Wanyonyi akafoka. "Hata sisi tunaila!"

"Hapana, mjomba. Mimi ndiye huwapikia mchana. Jikoni kwako kuna ya pakiti tu."



"Kumbe!" Mama Hillary akarudisha pesa zake mfukoni. "Watoto wako wale chumvi safi, wangu alambe ya ng'ombe?"

Siku hiyo hiyo alimwita afisa wa afya. Gunia likabebwa, na maabara ikapata risasi ndani yake. Watoto wa wateja wakapimwa damu. Wanyonyi akaamriwa kupita nyumba kwa nyumba akikusanya mifuko aliyouza.

"Mjomba amenifukuza, Mama," Nakhungu alisema akilia.

"Sare nitakushonea mimi," mama yake, Nabwile, akajibu. "Huyo ni kaka yangu, lakini amenichoma moyo! Mtu akiuza asichoweza kulisha watoto wake, huyo si mfanyabiashara. Wewe umesema kweli. Sasa chukua kalamu, uandike, tubandike sokoni."

Nakhungu akaandika:

Usile chumvi ya mifugo, hata iwe nyeupe namna gani.
Usinunue chumvi ya kupima usiyojua ilikotoka.
Usichukue pakiti iliyofunguliwa au isiyo na alama ya ubora.
Usiweke chumvi kwenye mkebe wa rangi au wa dawa ya ng'ombe.
Usidhani kuchemsha kunaondoa risasi. Hakuondoi.
Usinyamaze ati kwa sababu muuzaji ni mtu wenu.